Kistari mbele ya jina la dada

Jumamosi, saa tano usiku, Mwembetanga, Unguja

Mama kalala ubavu wa kulia. Saa saba nitamgeuza, saa tisa tena. Tulifundishwa hospitali baada ya kiharusi: kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi inachubuka, na vidonda vya kulalia vikishaingia kupona kwake ni kazi. Dada amelala chumba cha pili. Miezi minane imepita na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kushika zamu ya usiku.

Miezi yote hiyo nilikuwa Dar na daftari. Kazi yangu ni hesabu, basi ndugu wakaniachia. Pampasi za watu wazima, tatu kwa siku, tisini kwa mwezi: 135,000. Vidonge vya presha na vya kuzuia damu kuganda: 48,000. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki: 80,000. Upande wa pili wa ukurasa, kaka aliye Maskati 150,000, mimi 100,000, mdogo wetu 50,000. Mama mwenyewe anapata pensheni jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, na imeongezwa tangu hapo. Hataki tuiguse. Wageni wakija anamtuma mjukuu akanunue halua. Naona ni haki yake. Hata asiyeweza kuinuka kitandani anataka kumkirimu mgeni kwa pesa yake.

Mbele ya jina la dada nilikuwa napiga kistari. Hatoi pesa, yupo nyumbani.

Mwezi uliopita nilikuja kwa boti ya asubuhi bila kupiga simu. Nikamkuta uani anafua mashuka. Nyuma ya mlango wake, kwenye msumari, palining'inia mfuko, na ndani yake kofia ya mkono aliyoianza kabla mama hajaanguka. Duara la juu limekwisha, ukanda wa pembeni umefika nusu, sindano imechomekwa palepale alipoishia. Ilikuwa imeshika kutu, imeacha doa la kahawia kwenye kitambaa cheupe. Kofia hizo ndizo zilizokuwa zikimlipia mwanawe ada ya chuo. Sikuwahi kuuliza ada inatoka wapi sasa.

Jioni tukapiga simu ya video. Kaka akasema, kwa upendo kabisa, "Dada, wewe pepo umeishika mkononi. Thawabu zote zako." Dada akanyamaza. Nikasema thawabu ni baina yake na Mungu, sisi hatuna ruhusa ya kuziandika kama malipo yetu kwake. Hakuna aliyejibu. Nikapendekeza tumpe kitu kila mwezi. Hapo ndipo alipokasirika: "Mimi silipwi kwa kumwosha mama yangu. Nipeni asubuhi zangu."

Basi tutafute mtumishi. Lakini nani alikuwa amemuuliza mama? Maneno yake siku hizi yanatoka kwa kuburuta, na ukimkatisha anaacha. Tukakaa naye mpaka akamaliza. Mtu baki apike, afue, amnyweshe uji, amtoe barazani. Aibu yake asiione mtu ila binti zake. Binti zake, alisema, kwa wingi, akinitazama mimi.

Mtumishi ameanza wiki mbili zilizopita, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kwa 120,000. Kaka ameongeza 80,000, mimi 40,000. Na kila mwezi nitapanda boti Ijumaa moja, nishike zamu hadi Jumapili. Kistari nimekifuta. Mbele ya jina la dada sasa naandika saa. Nilipojaribu kuzijumlisha kwa wiki moja ya kabla ya mtumishi, zilipita mia.

Leo asubuhi ameing'oa ile sindano, akafumua mishono iliyoingia kutu, akaanza upya kutoka hapo.

Saa saba imefika. Mama kafumbua macho kabla sijamgusa. Mto nimeuweka katikati ya magoti kama dada alivyonionyesha, nikaingiza mkono chini ya bega.

"Polepole," amesema, na mkono wake mzima ukanishika shingoni.