Lundo la Karafuu Uani

Kwa muda wa miezi saba sikuandika chochote katika shajara hii, kwa sababu kila neno nililokuwa nalo nililipeleka katika tamthilia mbili ambazo sasa, alhamdulillahi, zimefikia hatua ya kusomwa mbele ya watu. Ya kwanza itasomwa Ijumaa ijayo baada ya sala ya Isha, uani kwa rafiki yangu huko Vuga, mjini Unguja, na wiki mbili baadaye, Mungu akipenda, tutavuka nayo kwenda Wete, Pemba. Ya pili bado mbichi, kwa hiyo nitaigusa kidogo tu.

Mchezo wa kwanza unatokea usiku mmoja katika nyumba ya shamba kisiwani Pemba. Karafuu zimechumwa mchana kutwa na kumwagwa sakafuni, na watu wa nyumba wamekaa kulizunguka lundo wakichambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule, ili asubuhi zianikwe juani kabla hazijaharibika. Bi Time, mwenye mikarafuu, ana jambo zito la kuwaambia wanawe Hamad na Mwanakombo, naye anataka kulisema kabla kazi haijaisha, kwa kuwa ni vigumu kwake kuzungumza na wanawe hao wakiwa wamekaa bure na macho yao yanamtazama. Lundo ndilo saa ya mchezo. Likiisha, mchezo nao umekwisha, hata kama Bi Time hajamaliza kusema.

Nilijisifu sana kwa fikra hiyo mpaka tulipokaa wiki iliyopita kuusoma kwa mara ya kwanza. Katika usomaji mwigizaji huwa ameshika karatasi, na mtu aliyeshika karatasi hawezi kuchambua karafuu. Pale nilipoandika kwamba mikono inafanya kazi kimya kwa muda mrefu, mmoja wetu alilisoma elekezo hilo kwa sauti, kisha tukakaa tunatazamana kama watu waliosahau walichojia. Kijana mmoja alipendekeza karatasi ziwekwe juu ya marfaa, kile kibao cha kuwekea Msahafu, ili mikono iwe huru, lakini mama aliyekuwa akimsoma Bi Time alimkatiza hapo hapo: marfaa ina heshima yake. Hatimaye tuliazima stendi za noti kwa wapigaji wa taarabu, tukazishusha hadi chini kabisa, tukaweka maandishi makubwa, na kwa kuwa karafuu mbichi hazikupatikana tukamwaga juu ya mkeka mbaazi za maganda, watu wakabambua huku wakisoma. Baada ya dakika kumi hivi nilisikia mazungumzo yamepungua kasi na kuwa mazungumzo ya nyumbani, mtu akianza sentensi, akiiacha ili aokote mbaazi iliyomponyoka, kisha akiirudia kwa sauti ya chini zaidi. Usiku ule nilifuta mistari minne ya Hamad katika ukurasa wa 31, kwa sababu alikuwa akieleza uchungu ambao mikono yake ilikwisha kuueleza.

Mama huyo, mzaliwa wa Mkoani, Pemba, alinisaidia katika jambo jingine ambalo naona haya kidogo kulitaja. Nilikuwa nimemwandikia Bi Time maneno "mavuno ya leo". Aliacha kusoma, akashusha miwani na kuniuliza, "Mwanangu, huyu Bi Time kazaliwa mjini? Karafuu hatuvuni, tunachuma." Halafu akaniuliza kwa nini wachumaji wangu wanahesabiwa kwa kilo, wakati mchumaji hulipwa kwa ujazo, kwa pishi za karafuu mbichi, na kilo ni habari ya kituoni, zikishakauka na kupelekwa kuuzwa. Nilirekebisha, na marekebisho yakanipa zaidi ya usahihi: sasa Hamad, anayetaka kuuza shamba, ndiye peke yake anayezungumza kwa kilo, na mama yake anajibu kwa pishi, na mgogoro wao unasikika kabla haujatajwa.

Wengi wetu tamthilia tulizijua skuli. Tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, au Mfalme Juha ya Farouk Topan ya mwaka 1971, kimya kimya, penseli mkononi, tukitafuta dhamira na sifa za wahusika kwa ajili ya mtihani. Hivyo nikimwalika mtu kwenye usomaji huuliza kama kuna maleba, taa na jukwaa, na nikijibu kwamba hakuna, hunihurumia. Watu hao hao, lakini, wamekulia katika mabaraza ambamo mchezo wa redio ulisikilizwa na mtaa mzima bila ya mtu kuuliza waigizaji wamevaa nini.

(Uani kwa rafiki hatukupachagua kwa mapenzi matupu. Ukumbi tulioahidiwa ulipewa harusi siku mbili kabla ya tarehe yetu. Harusi huja na keki, nasi tunakuja na mbaazi.)

Mchezo wa pili unawahusu walinzi wawili wa zamu ya usiku karibu na Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ambalo sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mmoja anataka lijengwe kama lilivyokuwa, mwenziwe hataki. Kasoro yake naijua: wanazungumza kama wajumbe wa kamati, hakuna anayesinzia, hakuna anayelalamika mbu. Hautasomwa popote mpaka walinzi wangu wapate usingizi.

Ninachokihofia ni Wete. Vuga watu watacheka nilipokusudia wacheke, kwa kuwa wengi ni jamaa. Kule watakaa kina mama waliochambua karafuu tangu utotoni, na rafiki yetu mmoja wa huko ameahidi kwamba, msimu ukiruhusu, atatuletea pakacha la karafuu mbichi zenye makonyo yake. Nimemwomba alete kidogo tu, kwa sababu waigizaji wangu wa mjini wanachambua polepole, na kwa mwendo wao Bi Time atapata nafasi ya kusema kila kitu.