Lebo za Santuri za Marehemu Babu

Marehemu babu alituachia sanduku la santuri nzito za shelaki, aina ya utomvu mgumu, katika nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, nami hupenda kuzitoa jioni na kuzisoma lebo zake moja baada ya nyingine. Karatasi hizo hazikubandikwa kwa gundi. Zilishindiliwa mashinini pamoja na shelaki ikiwa bado ya moto, ndiyo maana hazibanduki. Kwa kuwa lebo zilichapishwa upya kila mara, rekodi moja huweza kuonekana kwa sura mbili au tatu, ilhali sauti ni ile ile.

Kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilitangulia na nembo ya malaika anayeandika kwa unyoya, kisha mnamo 1909 mbwa Nipper, aliyechorwa na Francis Barraud akisikiliza pembe la gramafoni, akashika nafasi hiyo.

Hata hivyo, ushahidi wa umri wa rekodi ninaouamini zaidi uko nje ya karatasi, kwenye shelaki yenyewe. Kwenye santuri za kampuni hiyo, pembetatu ndogo iliyofuata namba ya matriki, yaani namba ya bamba la chuma lililotumika kushindilia santuri, ilionyesha kwamba sauti ilinaswa kwa umeme, njia iliyoanza kutumika 1925. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, enzi hiyo ilikuwa imeshaanza.

Santuri moja ya babu imeliwa lebo yote na wadudu. Nimeiinamisha mbele ya taa, na namba yake ya matriki bado inasomeka.