Nilivyomwomba nesi asinishone

Mtoto wa kwanza niliongezewa njia, yaani nilikatwa kidogo ili apite, nikashonwa ganzi haijakolea, kila sindano niliisikia jamani, kwahiyo mimba ya pili nilichokuwa naogopa sio uchungu, ni uzi. Kondo lilipotoka tu nikamwambia nesi dada nakuomba, hata kama nimechanika niache hivyo hivyo patajifunga penyewe. Akacheka, akasema ngoja kwanza nione, kwani mi napenda kushona?

Akavuta taa, akabana pale na gozi, kile kitambaa cha vidonda, akaitoa kuangalia kama damu bado inavuja. Akaingiza na kidole nyuma, hiyo sikuipenda kabisa, ila akanieleza ndo namna ya kujua kama msuli wa kubana haja kubwa umechanika, maana huo hashonwi mtu leba, unapelekwa thieta. Wangu ulikuwa mzima. Kumbe nilichanika sehemu mbili. Mbele karibu na pa kukojolea ni ngozi ya juu tu, kingo zimekutana zenyewe na damu imekata, akasema hapa hapaguswi. Shida msambani, yaani pale kati ya uke na njia ya haja kubwa, pamefika kwenye nyama, daraja la pili, na pamekaa wazi. Nikauliza nikikataa je? Akasema mwili wako mama, ila patachelewa kupona na nyama zinaweza zisikutane vizuri.

Nikakubali ila ganzi kwanza. Akachoma, tukasubiri, akanidonoa na ncha ya sindano, unasikia? Nasikia. Akaongeza nyingine. Alipoanza kushona nikawa nasikia kuvutwavutwa tu, huku mtoto yuko kifuani ananyonya.

Nyumbani mama mkwe keshabandika maji ya kunikanda, yale ya moto yanafuka mvuke, nikamwambia mama tumboni nikande ila huku chini naomba nijihudumie mwenyewe, akanuna kidogo yakaisha. Nilikuwa nasafisha na maji safi ya uvuguvugu, nabadilisha pedi mara kwa mara, na papai na maji mengi ili choo kiwe laini. Wakati wa kukojoa najimwagia maji huku nakojoa, la sivyo ni pilipili tupu. Na cha ajabu pilipili ilikuwa pale mbele nilipoachwa bila kushonwa, siku nne nzima, msambani hata sikupasikia sana.

Nyuzi huwa hazitolewi, zinayeyuka. Wiki ya tatu nikakuta kipande kwenye pedi, nikakivuta nikidhani ni uzi wa kanga.