Siku ya Sensa Makete: Kaya kwa Kaya Kwenye Miteremko ya Ukinga

Saa 11 alfajiri, Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022. Baridi ya Agosti huku Makete, mkoani Njombe, haina mchezo. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya viazi na maji ya kunawa yaliuma vidole. Nilivaa makoti mawili, kizibao cha sensa nikakivaa juu, na kishikwambi nilikuwa nimelala nacho ndani ya blanketi, maana betri kwenye baridi hii hushuka haraka.

Saa 12 na nusu mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ananisubiri njia panda. Bila mwenyeji, karani wa sensa kama mimi hafiki mbali hapa. Kwenye ramani kaya mbili zinaonekana zimepakana, ila ukienda kwa miguu unakuta bonde, kijito cha kuvuka kwa gogo, halafu mpando wa kukata pumzi. Wakinga tumejenga kwenye migongo ya milima na mashamba yanashuka mteremkoni. Wilaya yetu inaanzia Mfumbi, kwenye joto, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, inapanda hadi uwanda wa Kitulo wenye mita 2,600 hivi, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, nchi ya maua wakati wa mvua, na maji yake yanakwenda kuulisha Mto Ruaha Mkuu. Huko juu ni nyasi na upepo. Watu wako huku kwenye miteremko.

Saa 2 asubuhi, kaya ya bibi mmoja na wajukuu watatu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu motoni." Dodoso linataka umri, na cheti cha kuzaliwa hana. Kwa hali kama hii tunatumia matukio. Nikamuuliza kuhusu Uhuru. Akafikiri kidogo, akasema siku hizo alikuwa anambeba mdogo wake mgongoni na alikuwa bado hajaanza kulima peke yake. Tukaenda hivyo, tukio kwa tukio, ndoa yake, vita vya Kagera, mpaka tukakubaliana miaka 69. Kisha likaja swali la wazazi wa wale watoto. Mmoja, baba yake yuko Tunduma, ana duka. Wawili, wazazi wao wamekufa. Bibi alijibu bila kuinua macho, akiendelea kumenya viazi.

Kaya za namna hiyo ni nyingi, na asiyeijua Makete hawezi kuielewa idadi ya watu wake bila kuzipitia. Ukimwi uliipiga wilaya hii kabla dawa hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, na mkoa wa Njombe hadi leo uko juu kwa maambukizi: utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 105,775 Makete. Ya 2012 ikahesabu 97,266. Nchi nzima katika miaka hiyo ilitoka milioni 34 na kitu hadi karibu milioni 45, sisi tukapungua.

Lakini vifo si maelezo yote. Saa 5 tulipita kwenye mteremko uliojaa misindano, miti ya mbao, iliyopandwa kwa mistari. Nikamuuliza mwenyekiti ni kaya ya nani. "Hapa hakuna kaya, mwalimu. Mwenyewe yuko Kariakoo." Hapo zamani palikuwa na pareto na ngano, kazi za mikono mingi. Kijana akienda kwa mjomba Mbeya au Makambako kujifunza biashara, shamba linabaki bila wa kulipalilia, na mti hauhitaji kupaliliwa kila msimu. Kwa hiyo msitu wa mbao unapanda mlima kadiri watu wanavyoshuka. Siwalaumu. Maduka ya Wakinga yamesomesha watoto wengi wa huku, na nyumba nyingi za bati nilizoingia siku hiyo zimejengwa kwa fedha za mjini.

Saa 7 mchana tulikula viazi vya kuchemsha na njegere kwa mjumbe. Hapo akaja mama mmoja akitaka nimwandike mwanawe, aliyeshuka basi asubuhi ile akitoka Mbeya. Nikamweleza taratibu: anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia leo. Mama hakuridhika. "Nimemzaa mimi, shamba lake liko hapa, atahesabiwaje Mbeya?" Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayowaweka kwenye hesabu zetu wagonjwa waliotoka mikoa mingine wakalala hospitali ya Ikonda, hapa wilayani kwetu.

Mchana ulienda kwa kupanda na kushuka. Nikiuliza wanapikia nini, jibu ni kuni, kuni, kuni: karibu kila jiko.

Saa 1 usiku nilipanda penye mtandao nikatuma kazi, tukapanga na mwenyekiti kaya za kesho, zile za ng'ambo ya mto.

Matokeo yalipotoka, Makete ilikuwa na watu 109,160. Tumezidi 2002 kwa watu 3,385 tu, katika miaka 20 ambayo Tanzania imefika 61,741,120. Ninachoomba kwa wanaopanga bajeti ni kwamba wasiishie kwenye jumla hiyo wakasema wilaya ndogo, mahitaji madogo. Watazame umri, watazame nani ni mkuu wa kaya, na watazame mwendo: bibi yule wa miaka 69 akiugua, zahanati iliyo karibu naye iko ng'ambo ya bonde, na atakayemsindikiza ni mtoto wa darasa la nne.