Wajerumani wa Frankenmuth, waliohama na usharika wao

Sisi tuliobatizwa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) upande wa Kilimanjaro tukisikia "Walutheri Wajerumani" tunawaza mmisionari wa chama cha misioni cha Leipzig na kengele ya Machame. Hapa Michigan kuna Walutheri Wajerumani wa namna nyingine: wakulima waliovuka bahari wakiwa usharika kamili, mchungaji wao, katiba yao, hata jina la kanisa, kabla hawajakata mti wa kwanza.

Mji wenyewe ni Frankenmuth, kando ya Mto Cass, karibu na Saginaw. Watanzania wa Detroit na Flint wanaujua kwa kuku wa kukaanga na lile duka kubwa la mapambo ya Krismasi. Wanakula, wanapiga picha mbele ya nyumba za Kibavaria, wanarudi. Usharika wa St. Lorenz, ambao ndio chanzo cha mji wote, wanaupita kwa gari.

Mwenye wazo alikuwa Wilhelm Löhe, mchungaji wa kijiji cha Neuendettelsau huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Marekani. Alikuwa amesoma maombi ya mchungaji Wyneken kuhusu Wajerumani waliotawanyika katika misitu ya Marekani bila mchungaji wala shule, akaanza kuwatumia wasaidizi. Kisha akafikiri mbali zaidi. Badala ya kupeleka mmisionari mmoja kwa Wachippewa, wenyeji wa Michigan, apeleke wakulima wakae jirani nao, waishi maisha ya kikristo mbele ya macho yao. Kazi ya kuwaongoza alipewa mchungaji August Crämer.

Kundi la kwanza halikufika watu ishirini. Waliondoka Bremerhaven Aprili 1845 kwa meli ya tanga iitwayo Caroline. Ndani yake walikuwamo wachumba ambao sheria za Bavaria ziliwazuia kuoana nyumbani, kwa sababu maskini hakupewa kibali cha ndoa bila kuonyesha mali ya kutunza familia. Wakafungishwa ndoa safarini. Kati ya yote niliyosoma kuhusu hawa watu, hilo ndilo lililonifanya niwaone kama jamaa zangu. Tunapenda kusema wale walihama kwa ajili ya Injili na sisi tumekuja kwa ajili ya dola. Kumbe na wao walikuwa na mambo yao.

Bahari iliwatesa, ndui ikaingia melini, New York wakafika Juni. Huko Michigan wakanunua ekari 680 kwa dola 2.50 kila ekari. Siku ya Krismasi 1846 wakaweka wakfu kanisa la magogo. Hapo wenzao wengi wa kundi la pili walikuwa wameshafika, na ndani ya miaka michache makoloni mengine yakazaliwa jirani: Frankentrost, Frankenlust, Frankenhilf.

Sasa, ardhi ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa sehemu ya eneo walilotengewa Wachippewa baada ya mkataba wa Saginaw wa 1819, kisha serikali ikaichukua kwa mkataba mwingine wa 1837 na kuiuza. Yaani walikuja kuwahubiria watu ambao tayari walikuwa wanasukumwa watoke. Crämer alijitahidi kweli: alizunguka vijijini na mkalimani, akawalaza watoto wao nyumbani kwake na kuwafundisha. Lakini kila shamba jipya la Mjerumani lilipunguza msitu wa kuwinda, na wanaohubiriwa wakasogea mbali na wahubiri. Mimi nasema mpango wa Löhe ulijikwaa hapo, si kwenye imani ya wale wakulima.

Ndipo anaingia mtu anayetuhusu. Mwaka 1847 alifika Eduard Baierlein, ametumwa na chama cha misioni cha Dresden, ambacho mwaka uliofuata kilihamia Leipzig. Ndicho hicho hicho kilichokuja Kilimanjaro 1893! Baierlein alijenga kituo cha Bethany, mbali na Frankenmuth, katikati ya Wachippewa wenyewe, akajifunza lugha yao na kuwaandikia kitabu cha kusomea. Mwaka 1853 akahamishiwa India, kwa Watamil. Baada ya mkataba wa 1855 Wachippewa wakahamia Isabella, eneo jingine walilotengewa Michigan, na Bethany ikabaki bila watu, mpaka ikafungwa. Kwetu Machame ilikuwa tofauti: wenye ardhi walibaki, na kanisa likawa lao.

St. Lorenz yenyewe ilistawi. Ilikuwa miongoni mwa sharika zilizoanzisha Sinodi ya Missouri, muungano wa sharika za Kilutheri za Marekani, mwaka 1847, na kanisa la matofali unaloliona leo, lenye mnara mrefu, ni la 1880. Mgeni wa KKKT ajue mapema: Sinodi ya Missouri haina ushirika wa meza na sisi, kwa hiyo usiende moja kwa moja kwenye Chakula cha Bwana. Ongea na mchungaji kwanza.

Kilichonivuta zaidi ni lugha. Löhe alitaka koloni libaki la Kijerumani, na kwa miaka mingi lilibaki hivyo, ibada, shule na hata gumzo la dukani. Sinodi nzima ilikuwa na neno "Kijerumani" katika jina lake mpaka 1917, vita vilipofanya lugha hiyo ishukiwe Marekani. Hata hivyo St. Lorenz imeendelea kuwa na ibada za Kijerumani hadi miaka yetu, ingawa kwa nadra.

Kwenye ushirika wetu mdogo wa Kiswahili huku ugomvi ni huo huo. Wazee wanataka kila kitu Kiswahili, watoto wanajibu kwa Kiingereza. Kikao cha mwisho kilipitisha kwamba mafundisho ya kipaimara yawe kwa Kiingereza na liturujia ibaki Kiswahili. Mama mmoja aliuliza mtoto ataimbaje asichokielewa, na mwenyekiti akafunga kikao kwa sala.