Umeme ulikatika, randa ya baba mdogo ikaniokoa

Juzi hapa Mafinga umeme umekatika saa nne asubuhi, mashine ya kuranda ikazima ubao ukiwa katikati, na mteja wa milango anautaka mzigo wake jioni. Baba mdogo hata hakushtuka. Akaingia ndani akatoka na randa yake ya mbao, ile ambayo mi siku zote nlikuwa namwambia auze kuni.

Yaani ni kigogo tu cha mninga, kina tundu katikati, kisu kimelala humo kama nyuzi 45 hivi na kimebanwa na kabari. Hamna skrubu hata moja. Unaiset kwa nyundo ndogo: ukigonga kichwa cha kisu kinashuka inakula zaidi, ukigonga kigogo kwa nyuma kisu kinarudi juu, ila hapo kabari nayo inalegea so unaikaza tena kidogo. Nlivyopewa mi nikagonga kama napigilia msumari wa bati, kisu kikatokeza kama jino la panya, randa ikang'ang'ania palepale.

Baba mdogo akaniuliza, "Baba, unasikiliza au unapiga tu?" Kumbe kuna mlio bana. Kabari ikikaza inalia ko, kavu, ikiwa imelegea inalia kama kikombe chenye ufa. Hilo mashine haikufundishi.

Af nikapiga kinyume na nyuzinyuzi, paini si unaijua, karibu na jicho la ubao, pale tawi lilipoota, ikachanika manyoya kabisa. Nikageuza ubao, nikapaka nta ya mshumaa chini ya randa, ikaanza kuteleza yenyewe shwaaa, maranda yanatoka marefu yamejikunja kama utepe, ukiyashika unaona mwanga upande wa pili. Nlisoma mahali kwamba randa za Warumi zilifukuliwa kule Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, na kisu chao pia kilibanwa kwa kabari. Miaka yote hiyo!

Sisemi niache mashine, milango sita kwa mkono mabega yangu mpaka leo yananidai. Umeme umerudi saa kumi na moja, tumebakiza mmoja.

Jioni mama wa kuku kaja kuchukua maranda yake kama kawaida, akashika lile rundo akaguna: "Mbona leo marefu hivi, vifaranga vyangu si vitajinyonga?"