Siku moja maishani mwangu: makonyo kwenye mkutano wa kemia

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka nyumbani kwa khalati yangu, Mwanakwerekwe. Nasali, nakunywa chai kwa mkate wa kumimina. Bango la utafiti wangu bado limo kwenye flashi, halijachapishwa, na mkutano unafunguliwa saa tatu. Ni mkutano wangu wa kwanza wa kemia.

Kwetu Pemba wakisikia nafanya utafiti wa kemia huniuliza natengeneza dawa gani. Sitengenezi dawa. Nachemsha makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Nimekua nikichambua karafuu na mamaangu juu ya jamvi usiku wa msimu, vidole vinanata na kunukia hadi asubuhi. Karafuu kavu hutoa mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, makonyo 5 hadi 7 tu. Lakini mafuta hayo machache yamejaa eugenoli, ile inayotia ganzi ukitafuna karafuu kwa jino bovu. Ndiyo maana pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachokeneka mafuta ya makonyo.

Saa mbili niko Darajani, duka la kuchapisha. Bango linatoka, rangi nzuri, ila kila palipokuwa na β pametokea kisanduku kitupu. Beta-karyofilini ni kijenzi cha pili kwa wingi katika mafuta yangu, na jina lake limeliwa mahali tisa.

"Dada, kialama hicho nani atakiona?"

"Watakaokuja leo wote watakiona, kaka."

Kuchapisha upya ni kulipa upya, na pesa hiyo sina. Nikaomba kalamu ya wino mzito, nikalitandaza bango sakafuni, nikaziandika beta zote tisa kwa mkono, polepole, mtu asije akasoma B.

Saa tatu hotuba, kisha chai na sambusa.

Saa tano tukaitwa kusimama kwenye mabango. Wengi hupita, husoma kichwa cha habari, hutabasamu, huenda zao. Akaja mzee mmoja, profesa kutoka bara, akasoma kuanzia juu mpaka mstari wa mwisho bila kusema neno.

"Binti, asetati ya eugenoli mbona kidogo hivi?"

"Shikamoo, profesa. Makonyo huwa na asetati kidogo kuliko karafuu."

"Marahaba. Hayo yameandikwa vitabuni. Mimi nauliza ya chupa yako. Umechemsha muda gani?"

"Masaa manne."

"Yamo ndani ya maji?"

"Ndani ya maji."

"Asetati hiyo ni esta. Esta ukiichemsha majini masaa manne..."

Akaniachia nimalize mwenyewe. Esta ni asidi iliyoungana na kitu kingine, hapa eugenoli. Kwenye maji ya moto inavunjika. Inatoa asidi ya asetiki na eugenoli. Kwa hiyo eugenoli niliyoiandika kwa herufi kubwa kuliko zote huenda sehemu yake haikutoka kwenye konyo, imezaliwa chunguni mwangu. Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni. Nikamweleza kwamba nilirudia mara tatu, na kwamba siku moja umeme ulikatika katikati nikamwaga yote na kuanza mwanzo. Akasema kurudia kosa mara tatu hakulifanyi kuwa jibu. Maneno hayo yaliniuma, maana usiku ule wa giza nilikaa maabara hadi saa sita. Lakini hakuondoka. Akauliza tindikali ya maji niliipima? Sikuipima. Makonyo yalisagwa au mazima? Yamesagwa. Watu wakaanza kukusanyika, miguu inawaka moto, naye yupo tu, hata bango la jirani hakulitazama. Mwisho akauliza: utajuaje?

Nikafikiri mbele ya watu wote wale. Nikasema nitaloweka makonyo kwenye heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, bila moto, nipime asetati iliyomo kabla ya kuchemsha. Kisha nitachota mafuta kila saa. Asetati ikishuka saa hadi saa, chungu ndicho kinachoivunja.

"Naam," akasema. Akagusa beta moja ya mkono. "Na hizi umeziandika vizuri."

Alikuwa amesimama kwangu karibu saa nzima. Ndiye pekee aliyelisoma bango lote.

Mchana sikumbuki nilikula nini. Mihadhara ya jioni niliisikiliza viatu nimevivua chini ya kiti, daftari limejaa mishale na namba za masaa.

Daladala ya kurudi ilijaa, nikasimama, bango nimelikunja chini ya kwapa. Jua lilikuwa limekwishazama nilipompigia mamaangu.

"Mama, nataka makonyo. Mabichi, ya siku hiyo hiyo. Yasianikwe."

"Mabichi? Yataoza kwenye boti."

"Yafunge kwenye kitambaa, mtume mtu wa asubuhi. Mimi nitakuwa bandarini."

"Kiasi gani?"

"Pishi moja, mama. Hapana, mbili."